Walipoandika Kwamba Maana Haijulikani

Mara ya kwanza waliponiuliza kama nilikunywa pombe nikiwa na ujauzito wa binti yetu, nilijibu kwa adabu. Mara ya pili na ya tatu pia. Mara ya nne nilikuwa katika chumba cha kliniki cha hospitali moja mjini Moshi, mtoto nimempakata, na nesi amemzungushia futikamba kichwani. Huyu hata hakuuliza. Alisoma namba, akaitazama kadi, akasema, "Na nyie watu wa huko juu, mbege ndiyo chai yenu."

Nikamwambia, "Sikunywa. Andika hivyo kwenye kadi. Andika: mama anasema hakunywa."

Akasema kadi haina nafasi ya maneno ya mama.

"Basi andika pembeni."

Aliandika, kwa kukandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka kidogo. Mume wangu aliposimuliwa alicheka, akasema mimi nitakuja kufukuzwa kwenye hospitali zote za mkoa. Yeye anaweza kucheka. Hakuna aliyewahi kumuuliza alikunywa nini.

Nimeolewa Uru, ila nilizaliwa Marangu. Nafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi iliyo mwendo wa nusu saa kwa mguu kutoka nyumbani. Mume wangu ni mpishi wa mlimani. Hupanda na makundi ya wageni, huwapikia supu katika hema na wapagazi huwapikia ugali, kisha hurudi baada ya siku saba au nane midomo imepasuka kwa baridi. Tunaishi katika kihamba cha baba yake, marehemu, ndani ya migomba na kahawa ya ukoo, pamoja na mama yake. Tuna watoto wawili. Wa kwanza ni mvulana, hana tatizo. Wa pili ni huyu binti, ambaye mkunga aliona kichwa chake ni kidogo mno, akakipima mara mbili siku aliyozaliwa, kisha akatoka nje kumwita mwenzake apime mara ya tatu.

Maneno ya pombe hayakuanzia hospitali. Yalianzia jikoni kwetu. Nikiwa na mimba ya miezi mitatu tulikwenda harusi ya mdogo wangu Marangu, na mtu mmoja akanipiga picha nimeshika kata ya mbege. Nilikuwa nampelekea baba yangu mkubwa, maana ndivyo desturi ilivyotaka, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Picha ikawekwa kwenye kundi la ukoo la simu. Binti yetu alipozaliwa, mama mkwe aliitafuta ile picha mpaka akaipata. Aliwaonyesha wifi zangu. Aliwaonyesha akina mama wa umoja wa kanisa. Siku ya kliniki ya kwanza alimwonyesha nesi, bila kusema neno, kama mtu anayeonyesha tiketi.

Mama mkwe wangu si mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniuma. Anakata majani ya ng'ombe kwa panga lake mwenyewe akiwa na umri wake wote ule, na nilipojifungua alinipikia mtori kwa wiki sita bila kuchoka. Alimbeba yule mtoto kuliko nilivyombeba mimi. Lakini kila alipombeba alinitazama.

Binti yetu alitembea akiwa na miaka mitatu. Sasa ana saba, na maneno yake nadhani yanafika thelathini. Anawajua ndama wote wa jirani na anawagombeza kwa majina ya wanadamu. Shikamoo hakuijua kamwe. Tulichofaulu kumfundisha ni jibu lake. Kwa hiyo akikutana na mzee njiani yeye ndiye anayetangulia, kwa sauti kubwa, "Marahaba!" Wazee wengine hukasirika. Mmoja aliniambia nimlee mtoto vizuri. Nikamjibu kwamba namlea vizuri, ndiyo maana anasalimia.

Alipokuwa na miaka minne hospitali ilipata daktari mpya wa watoto, mwanamke wa makamo aliyetoka mikoa ya kusini. Tuliingia watatu, mimi, mtoto na mama mkwe. Binti akamwambia, "Marahaba!" Daktari akaweka kalamu chini, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo." Sikuwahi kuona mtoto wangu akifurahi vile. Nami hapohapo nikaamua kumwamini yule mwanamke.

Hakuniuliza habari za mbege. Aliuliza, "Katika ukoo wenu, au ukoo wa baba yake, kuna mtu mwingine mwenye kichwa kama hiki?"

"Hakuna," mama mkwe alijibu kabla sijafungua mdomo. "Kwetu hakuna."

"Na kwangu sijasikia," nikasema.

Daktari akamtazama mama mkwe, akaandika. Kisha akaeleza kwamba yapo matatizo ya kichwa kidogo yanayotokana na maambukizi, yapo ya pombe, na yapo yanayorithiwa, na kwamba huyu mtoto, kwa jinsi alivyo, sura yake safi, moyo wake mzima, anamfanya afikirie urithi. Kulikuwa na utafiti uliokuwa ukipima vinasaba vya watoto kama yeye. Damu ya mtoto, yangu na ya baba yake zingepelekwa nje ya nchi.

Tulitoa. Tukasubiri. Kahawa ikachanua, ikazaa, ikachumwa. Majibu yalipokuja, daktari aliniita mimi na mume wangu. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, naye aliiweka mezani katikati yetu ili sote tuione.

"Kuna kinasaba kimoja kinachosaidia ubongo wa mtoto kukua akiwa tumboni," alisema. "Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Binti yenu nakala zote mbili zina badiliko lilelile. Mwalimu, wewe unalo kwenye nakala moja. Baba, na wewe moja. Nakala nzima iliyobaki inatosha, ndiyo maana ninyi hamna tatizo."

"Kwa hiyo ndilo lililosababisha," nikasema.

"Mimi naamini hivyo. Waliopima hawajasema hivyo." Akaweka kidole chini ya mstari mmoja. "Mabadiliko haya hupangwa katika madaraja matano. La kwanza halina madhara kabisa. La tano linasababisha ugonjwa bila ubishi. La kwenu wameliweka la tatu. Wameandika maana yake haijulikani."

Mume wangu akauliza badiliko lenyewe ni kubwa kiasi gani. Daktari akasema ni herufi moja.

Herufi ni kazi yangu. Nikamwambia, "Mwanafunzi akiandika shukrani au shukurani, namwelewa, sichukui alama yake. Lakini akitaka kuandika bata akaandika bati, hapo hatuli mchuzi."

Daktari akacheka. "Ndivyo ilivyo. Na hawa hawajui kama herufi hii ni ya shukurani au ya bati."

"Kwa nini hawajui?"

"Kwa sababu wanalinganisha na orodha za vinasaba vya watu waliokwisha kupimwa, na wengi katika orodha hizo si watu wa huku. Badiliko hili hawajawahi kuliona."

"Hawajaliona kwa sababu hawajatazama."

"Ndiyo," alisema. Hakujitetea, wala hakuwatetea.

Tuliporudi Uru mama mkwe alikuwa uani anachambua maharage. Mume wangu alimweleza kwa Kichagga, polepole, mpaka mwisho. Yeye akasikiliza yote, kisha akachukua neno moja tu. "Haijulikani," akasema. "Si nilisema?" Na akaendelea kuchambua.

Hapo ndipo nilipoelewa ubaya wa lile daraja la tatu. Wale waliopima, huko waliko, walikuwa wameandika neno la uangalifu, la haki kabisa kwao. Lakini kwetu neno hilo lilikuwa mlango uliobaki wazi, na kila aliyetaka kupita na picha ya simu alipita. Wifi yangu mmoja aliniambia waziwazi, "Hata wazungu wameshindwa kukutetea." Nikamwambia sikuwaomba wanitetee. Nilichotaka ni wamalize kazi yao.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa daktari peke yangu. Nikamuuliza, "Ni kitu gani kinaweza kulitoa hili badiliko daraja la tatu?"

Akanieleza kama ninavyopenda kuelezwa, bila kunifanya mtoto. Kwanza, kuna kipimo kingine cha damu kinachoonyesha kama kinasaba chenye badiliko kinasomwa sawasawa na mwili au kinarukwa kipande. Hicho yeye angekiomba. Pili, kama angepatikana mgonjwa mwingine wa damu yetu, mwenye kichwa kama hiki, tukaona naye ana nakala mbili zenye badiliko, na ndugu zake wazima hawana mbili, hapo ushahidi ungekuwa na uzito.

"Mmesema hayupo," alisema.

"Tumesema."

"Mwalimu, kuna jambo jingine. Wewe na mumeo kuwa na badiliko lilelile, ambalo halijaonekana popote, maana yake huenda mna babu au bibi mmoja wa zamani. Labda vizazi vitano nyuma, labda kumi. Ongea na wazee wa kwenu."

Nilikwenda Marangu Jumamosi ile, nikabadilisha gari Himo kama kawaida. Nilimkuta baba yangu shambani anapogoa kahawa. Ni mzee sasa, lakini mkasi hajamwachia mtu. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, akaniita *mae*, jina analoniita tangu utotoni, ingawa maana yake ni mama. Nikamweleza kila kitu. Nilipofika kwenye habari za babu mmoja wa zamani alitikisa kichwa.

"Ukoo wao na wetu ni mbalimbali. Tungekuwa tumekatazana."

"Mama mkwe wangu je? Yeye si alizaliwa huku?"

"Alizaliwa pale ng'ambo ya mfongo," alisema, akinyoosha mkasi kuelekea mfereji unaoleta maji kutoka juu. "Bibi yao na bibi yetu nilisikia walitoka nyumba moja, lakini hayo ni ya kale, hakuna anayeyahesabu." Akakata tawi. "Kwani yeye hakukuambia habari za mdogo wake?"

"Mdogo wake yupi?"

"Yule wa kichwa."

Nikauliza kama bado yuko hai. Baba akaniangalia kwa mshangao, maana kwake haikuwa siri hata kidogo. "Yupo," akasema. "Juzi tu nimemwona amebeba majani ya ng'ombe. Wewe ulikuwa mdogo ulipokwenda shule ya bweni, labda humkumbuki. Hawamtoi sana."

Niliporudi Uru jioni nilimkuta mama mkwe bandani anakamua. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kutoka Himo, na yote yalipotea. Nikasema, "Shikamoo, Mama. Nimetoka Marangu. Kwa nini hukuniambia kwamba una mdogo wako mwenye kichwa kama cha mwanangu?"

Mikono yake haikusimama. "Ng'ombe hajaisha," alisema.

Nikangoja. Alipomaliza aliinua ndoo, akapita mbele yangu, akaingia ndani. Hakuniambia neno siku ile wala kesho yake. Mimi pia sikumwambia. Nilipika, nikampelekea chakula, nikaweka mezani, nikatoka. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baadaye. Karibu miaka mitano! Miaka mitano mtu ananitazama juu ya kichwa cha mwanangu, na jibu analo yeye.

Asubuhi ya tatu nilifungua mlango nikamkuta amesimama nje na jani la isale mkononi. Kwetu mtu akikuletea isale anaomba msamaha, na huwezi kumkatalia, hata kama amekuulia ndugu. Alikuwa ameshika jani lile kwa mikono miwili.

Alisema, "Mama yangu alipomzaa yule, baba yangu alisema amekunywa. Bibi yangu akasema amekunywa. Walimrudisha kwao, akakaa huko mpaka mavuno, akarudi na kovu hapa." Akagusa juu ya jicho. "Nilikuwa na miaka saba. Nikaapa kwamba nikiolewa sitamtaja. Halafu huyu mjukuu wangu akazaliwa, nikamwona, nikajua. Nikaogopa utasema ni damu yangu. Basi nikakuwahi."

Nikakuwahi. Alilisema hivyo hivyo, bila kulipamba.

Nilipokea jani. "Nimepokea, Mama," nikamwambia. "Sijamaliza kukasirika, lakini nimepokea. Sasa utanipeleka kwake."

Tulikwenda mwezi uliofuata, mimi, yeye, binti yetu, na daktari mwenyewe, aliyekuja na kisanduku cha barafu cha kuwekea damu. Mume wangu alikuwa mlimani. Nyumba ile ya Marangu alikuwa ameirithi mdogo wao wa mwisho, kama desturi, na ndiye aliyetupokea. Alikuwa mtu mzima mwenye mwili, mzee wa kanisa, na alipojua tumefuata nini uso ulimbadilika.

"Hapa hakuna mgonjwa," alisema.

Mgonjwa, mjomba wa mume wangu, alikuwa amesimama nyuma yake, mlangoni pa chumba kilichopakana na banda la mbuzi. Mtu wa miaka hamsini na kitu, mabega mapana ya mtu wa kazi, na juu yake kile kichwa. Ilikuwa kama kumwona binti yangu amezeeka. Walikuwa wamempa jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Binti yetu alimwona, akapiga kelele yake ya marahaba, akamwendea na kumshika mkono. Naye akamwachia aushike. Wakakaa wote wawili kwenye kizingiti.

"Nina mabinti wawili hawajaolewa," mwenye nyumba aliniambia kwa sauti ya chini. "Wewe ni mwalimu, unaelewa. Mkishaandika kwamba ukoo huu una ugonjwa, nani atakuja hapa?"

"Atakuja mtu anayejua anachokuja nacho," nikasema. "Mimi sikujua. Mabinti zako wana haki ya kujua kuliko kubahatisha kama nilivyobahatisha."

"Unanifundisha nyumbani kwangu?"

"Ndiyo, baba. Nakufundisha."

Akageuka kumtazama dada yake, akitegemea ataona aibu kwa ajili yangu. Mama mkwe alikuwa bado hajaketi. Alisema kwa Kichagga, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "Wewe nilikubeba mgongoni. Na yeye nilimbeba mgongoni. Mama yetu alipigwa kwa ajili ya jambo hili na hakuwa na kosa. Kaa chini."

Alikaa.

Daktari alichuchumaa mbele ya kizingiti. Hakuchukua mkono wa mtu kwa nguvu. Alijifunga mpira kwenye mkono wake mwenyewe, akaonyesha mshipa, akaonyesha sindano, akasubiri. Mjomba alimtazama, akamtazama dada yake. Mama mkwe akakunja mkono wa gauni na kutolewa damu kwanza. Ndipo na yeye akanyoosha mkono, akafumba macho kwa nguvu. Mwenye nyumba alipoona hivyo akainuka. "Chukueni na yangu," akasema, "msije mkasema niliogopa sindano."

Majibu yalichukua miezi. Siku daktari alipopiga simu nilikuwa darasani, nafundisha kuzidisha. Nilitoka nje, nikasimama kwenye baraza. Mjomba alikuwa na nakala mbili zenye badiliko. Mama mkwe moja. Mwenye nyumba hana hata moja. Na kile kipimo kingine kilionyesha kwamba kwenye badiliko lile mwili unaruka kipande kizima cha kinasaba, kama mtu anayesoma kitabu chenye kurasa zilizochanwa. Wamelipandisha daraja la nne, alisema: karibu hakika.

"Karibu?" nikauliza.

"Mwalimu," alisema, na nilisikia anatabasamu, "hata hilo wamelitoa kwa taabu."

La tano lilikuja mwaka mwingine. Kwa kuwa badiliko letu lilikuwa limeandikwa katika rejista ambayo madaktari wa popote wanaweza kuisoma, hospitali nyingine ilipompima mtoto mwenye kichwa kidogo, wa familia tusiyoifahamu, walilikuta humo, na ushahidi wao ukakamilisha wetu. Yule mama majibu yake yalitoka mara ya kwanza yakiwa kamili. Sijui ni nani wala anaishi wapi. Namwonea wivu kidogo.

Nilichukua ile barua ya daraja la tano nikaenda nayo kitengo cha kumbukumbu cha hospitali yetu ya Moshi. Katika faili la binti yetu kulikuwa na mstari usemao "inashukiwa pombe". Karani akaniambia faili halifutwi. Nikamwambia sitaki lifutwe, nataka barua ibandikwe mbele ya ukurasa huo, ili atakayesoma ule asome na huu. Akasema nirudi kesho. Nikavuta benchi. Nilikuwa na madaftari arobaini na mbili ya kusahihisha, nikayasahihisha hapo. Yalipobaki kama kumi alikuja na gundi.

Kwenye ukoo mambo hayakunyooka. Wazee wa upande wa mume wangu walipopata habari kwamba mimi na yeye tuna bibi mmoja huko nyuma, walituita kikao. Mmoja akasema ndoa hii ni mwiko, ndugu wameoana. Mume wangu alikuwa ameshuka mlimani jana yake, pua imeungua kwa jua. Aliwasikiliza, kisha akasema, "Wazee wangu, kwa hesabu hiyo mlima mzima ni ndugu. Anzeni kuvunja ndoa zenu, mimi nitakuwa wa mwisho." Akanyanyuka, akaenda kuwapasha moto chakula, maana ndiye aliyekuwa amepika.

Watu huniuliza kama tutazaa mwingine, sasa kwa kuwa tunajua uwezekano wa mtoto kupata nakala zote mbili zenye badiliko ni moja kati ya nne. Wengine huuliza kwa huruma, wengine kwa udadisi. Nawajibu kwamba hilo ni la chumbani kwetu. Mwana wetu wa kwanza hatukumpima. Daktari alisema aamue mwenyewe akikua, nami nakubali. Binti yuko shuleni kwangu, katika darasa la mwenzangu. Mwalimu mkuu alisema hatajifunza kusoma. Huenda ni kweli. Anajifunza kukaa na wenzake, na wenzake wanajifunza kukaa naye, na hilo halipo kwenye mtihani.

Mjomba alifariki msimu uliopita wa mvua kubwa, kwa homa ya mapafu. Tulipofika Marangu tulikuta mipango imekamilika: azikwe haraka kihambani, mchungaji aseme sala, basi. Nikauliza nani atasoma wasifu wa marehemu. Mwenye nyumba, ambaye siku hizi tunasalimiana vizuri, akasema kwa kweli hakuna cha kusoma. Hakusoma, hakuajiriwa, hakuoa.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka pamoja na wafiwa. Akanitazama. "Andika," alisema.

Nikaandika, juu ya goti langu, huku akinisimulia. Kwamba alizaliwa mtoto wa pili. Kwamba alibatizwa, na jina alilobatizwa. Kwamba kwa zaidi ya miaka arobaini alikata majani ya ng'ombe wa nyumba hii kila siku, na ng'ombe hao ndio waliosomesha watoto walioketi hapa. Kwamba kila mwaka alikuwa wa kwanza kuingia kwenye mfongo kuondoa matope, na maji yaliyofika kwa majirani yalipita mikononi mwake. Kwamba alizaliwa na badiliko la herufi moja katika kinasaba kinachokuza ubongo, alilopewa na baba na mama yake bila wao kujua, na kwamba mama yake hakunywa. Kwamba alitoa damu yake, na kwa damu hiyo madaktari wa nchi nyingi wamejua walichokuwa hawakijui.

Hakuna aliyejitolea kusoma, kwa hiyo nilisoma mwenyewe, nimesimama kando ya kaburi kwenye migomba, mvua ikinyesha kidogo juu ya karatasi. Nilisoma polepole kama ninavyowasomea darasa la tatu. Mama mkwe alisimama wakati wote, ameshika mkono wa binti yetu.

Baadaye, kwenye chakula, mzee mmoja wa jirani, ameketi kwenye benchi na sahani yake, aliniita. Akaniambia wasifu ulikuwa mzuri ila mrefu mno, kwa mtu kama yule.

"Aliishi miaka hamsini na tatu, mzee wangu," nikamwambia. "Nimesoma dakika sita."

Aliiweka sahani chini. Kisha akasogea kwenye benchi, akanipisha nikae.